Trela la Gurudumu la Tano: Anayopaswa Kujua Dereva Mgeni Kabla ya Kukwaruza Bodi

Trela la kambi la gurudumu la tano halishikizwi kwenye mpira wa chuma nyuma ya bampa kama yalivyo matrela madogo. Lina shingo inayopanda juu ya bodi ya pikapu, na chini ya shingo hiyo kuna pini nene ya chuma, ambayo madereva wa malori huiita kingipini, inayoingia na kubanwa katika taya za kiungio kilichofungwa ndani ya bodi, juu ya ekseli ya nyuma au mbele yake kidogo. Jina lenyewe limetoka enzi za magari ya kukokotwa na farasi, ambapo bamba la duara lililolazwa juu ya ekseli ya mbele ili iweze kugeuka lilihesabiwa kuwa gurudumu la tano baada ya yale manne yanayokanyaga ardhi. Kwa kuwa uzito wa mbele wa trela hukalia ekseli ya gari badala ya kuning'inia nyuma yake, trela la namna hii halichezi mkia kwa urahisi, na dereva mgeni hushangaa kuona kwamba kulivuta kwenye barabara kuu iliyonyooka ni kazi nyepesi kuliko alivyohofia.

Wepesi huo humlevya. Hasara nilizopata mimi, na nyingi nilizoziona kwa wenzangu, zilitokea gari likienda mwendo wa kobe: wakati wa kuunganisha, wakati wa kuachanisha, kwenye kona ya kituo cha mafuta, na wakati wa kurudi nyuma. Kwa sababu hiyo maelezo haya yatakaa zaidi kwenye mita chache za mwanzo na za mwisho wa safari, na yatapita haraka kwenye kilomita zilizo katikati.

Uzito unaokaa mgongoni

Kosa la kwanza hufanyika kabla trela halijanunuliwa. Mnunuzi husoma kwamba pikapu yake ina uwezo wa kuvuta kilo 6,000, akaona trela limeandikwa kilo 4,500 likiwa tupu, akaridhika. Nambari hizo mbili hazimwambii jambo linalomhusu zaidi, nalo ni uzito ambao pikapu inaruhusiwa kubeba mgongoni. Trela la mpira wa chuma kwa kawaida huegemeza asilimia 10 hadi 15 ya uzito wake kwenye gari, lakini trela la gurudumu la tano huegemeza asilimia 15 hadi 25 kupitia pini. Kibandiko kilichopo kwenye fremu ya mlango wa dereva huonyesha mzigo wa juu unaoruhusiwa, na katika mzigo huo huhesabiwa abiria, vifaa vilivyomo ndani, kiungio chenyewe ambacho kinaweza kukaribia kilo 100, na uzito wote wa pini. Mara nyingi nafasi hiyo humalizika wakati uwezo wa kuvuta bado umebaki mwingi.

Uzito wa trela tupu nao haufai kutumika katika hesabu, kwa sababu hakuna anayesafiri na trela tupu. Lita moja ya maji ni kilo moja, kwa hiyo tangi la lita 200 likijazwa huongeza kilo 200, kabla hujapakia vyombo, vitanda, mitungi ya gesi, betri za ziada na viti vya kukalia nje. Njia ya uhakika ni kupakia kila kitu kama mtu anayeondoka kweli, kisha kwenda kwenye mizani ya malori na kupima mara mbili, kwanza trela likiwa limeunganishwa, halafu pikapu peke yake. Tuseme pikapu pekee ina kilo 3,500, na ikiwa imeunganishwa ekseli zake mbili zinasoma kilo 4,500 huku ekseli za trela zikisoma 4,200. Zile kilo 1,000 zilizoongezeka kwenye pikapu ndizo uzito wa pini, trela zima lina kilo 5,200, na pini inabeba takribani asilimia 19. Baada ya hapo linganisha uzito wa ekseli ya nyuma na kikomo chake, kwa kuwa ekseli hiyo na matairi yake ndiyo hulemewa kwanza.

Jambo la pili la kupima ni nafasi. Pikapu yenye bodi fupi, hasa ile isiyofikia mita mbili, huwa na hatari ya pembe ya shingo ya trela kugonga kioo cha nyuma cha kebini pale gari linapokata kona kali. Wenye bodi fupi hutumia kiungio kinachoteleza kurudi nyuma wakati wa kugeuka, na wengine hununua trela ambalo shingo yake imekatwa pembe. Pima pia kimo. Kati ya kingo za juu za bodi na sehemu ya chini ya shingo inafaa ibaki nafasi ya sentimita 15 hivi, kwani njia yenye mashimo hulifanya trela liiname upande mmoja huku pikapu ikiinama upande mwingine. Wakati huohuo trela linapaswa kukaa sawa, bila kuinua pua wala kuinamisha, ili ekseli zake zigawane mzigo.

Kuunganisha bila maongezi

Naomba msomaji asome sehemu hii mara mbili. Kuunganisha trela si kazi ngumu, lakini ni kazi yenye mpangilio, na mpangilio ukikatizwa na jirani aliyekuja kusalimia, hatua moja hupotea bila mtu kujua. Mimi hujibu salamu, halafu hurudi kuanza upya tangu kwenye kabari za magurudumu. Wenye haraka huniona mshamba, nami sijali.

Kabari huwekwa mbele na nyuma ya matairi ya trela kabla ya kitu kingine chochote. Kisha hushushwa mlango wa nyuma wa bodi, na hapa ndipo wageni wengi hulipa ada ya shule, kwa kuwa mlango ulioachwa wima hukutana na kisanduku cha pini, yaani sehemu ya chini ya shingo inayoshika pini, wakati gari likirudi nyuma, na bati lake hukunjika bila upinzani. Fungua taya za kiungio na uhakikishe zimebaki wazi. Ukitumia miguu ya trela, pandisha au shusha shingo hadi bamba la pini, yaani lile bati pana ambalo pini inatokea chini yake, liwe chini kidogo ya sehemu ya juu ya bamba la kiungio linalolipokea, kiasi kwamba gari likirudi, bamba la kiungio lenye mwinamo litaingia chini yake na kulinyanyua sentimita moja au mbili. Bamba la kiungio liwe limepakwa grisi, au kwenye pini kuwe na kisahani cha plastiki kilichotengenezwa kwa kazi hiyo. Usitumie vyote viwili.

Trela likiwa juu mno, hutokea jambo la hatari kuliko mlango uliokunjika. Pini huingia mahali pake kwa kina kisichotosha, kichwa chake kikakalia juu ya taya badala ya taya kuikumbatia shingoni. Ukiwa umesimama nje utaona trela limekaa vizuri kabisa. Linaweza hata kuvutwa mita kadhaa, na kwenye tuta la kwanza pini ikachomoka na shingo nzima ikaangukia kingo za bodi. Ndiyo maana kurunzi ni kifaa cha lazima. Inama, mulika kati ya mabamba mawili na uangalie kwa jicho lako: yanapaswa kulaliana bila mwanya, na taya ziwe zimefunga kwenye ile sehemu nyembamba ya pini. Ukiona mstari wa mwanga unapita kutoka upande mmoja hadi mwingine, hujaunganisha chochote. Sauti ya mlio wa chuma peke yake si ushahidi, kwa sababu taya hulia zikifunga vizuri na hulia zikifunga vibaya.

Weka kishikizo cha kufuli na pini yake ya usalama. Unganisha waya wa umeme, halafu funga kebo ya breki ya dharura kwenye sehemu imara ya pikapu. Kebo hiyo hulivutia trela breki zake lenyewe kwa nguvu ya betri yake iwapo litachomoka, na kwa hiyo haifai kufungwa kwenye kiungio, kwa sababu kiungio kikingʼoka kutoka kwenye bodi kitaondoka pamoja na trela na kebo haitavutwa kamwe. Sasa fanya jaribio la kuvuta: kabari zikiwa bado mahali pake na miguu ya trela ikiwa imenyanyuliwa kidogo tu kutoka ardhini, bana breki za trela kwa mkono kupitia kidhibiti kilichopo karibu na usukani, ingiza gia ya mbele na ujaribu kusogea taratibu. Pikapu ikizuiliwa, taya zimeshika. Kama hazikushika, trela litaanguka sentimita chache tu juu ya miguu yake, na utakuwa umepata aibu ndogo badala ya hasara kubwa. Baada ya hapo funga mlango wa bodi, pandisha miguu hadi mwisho, ondoa kabari, jaribu taa zote ukiwa na mtu nyuma, kisha uzunguke trela kwa miguu huku ukigusa kwa mkono ngazi, dirisha la paa, kitambaa cha kivuli, bomba la maji na waya wa umeme wa kambini. Kugusa ni bora kuliko kutazama, kwa sababu macho huona yanachotarajia.

Breki na kona

Kidhibiti cha breki za trela hakiji kikiwa kimepimwa kwa ajili ya trela lako. Tafuta eneo tambarare lisilo na magari, enda mwendo wa kilomita 40 kwa saa hivi, na bila kukanyaga breki ya gari ubane kitufe cha mkono cha kidhibiti. Trela linapaswa kukuvuta nyuma kwa nguvu inayosikika mwilini. Ongeza kiwango kidogo kidogo hadi magurudumu yake yakaribie kujifunga, kisha ukipunguze kidogo. Rudia zoezi hilo trela linapobadilika uzito na breki zikishapata joto. Kwenye mteremko mrefu teremka kwa gia ndogo tangu mwanzo, ukiacha injini izuie mwendo, na ukanyage breki kwa vipindi. Breki inayokanyagwa mfululizo hupata joto hadi ikapoteza nguvu, na harufu ya kuungua ikishaingia kebini umekwisha kuchelewa.

Kuhusu kona, sharti akili ikubali kwamba magurudumu ya trela hayafuati njia ya magurudumu ya pikapu. Hukata ndani. Na kwa kuwa pini iko juu ya ekseli, si nyuma ya bampa, trela la gurudumu la tano hukata ndani zaidi kuliko trela la mpira lenye urefu uleule. Dereva anayegeuka kama alivyozoea hupandisha tairi la trela juu ya ukingo wa njia au hulaza nguzo ya kituo cha mafuta. Nenda mbele moja kwa moja hadi utakapohisi kwamba umechelewa kugeuka, ndipo ugeuke, huku ukitazama kwenye kioo cha upande wa ndani gurudumu la mwisho la trela. Usikisahau kioo cha upande wa pili, kwa maana sehemu ya trela iliyo nyuma ya ekseli hufagia kuelekea nje pale kichwa kinapogeuka. Mara yangu ya kwanza nilijisifu kwa kuikwepa pampu upande wa ndani, na muda huohuo kona ya nyuma ikachora mstari wa urefu wa mkono kwenye ukuta wa upande wa nje.

Matrela haya ni marefu kwenda juu, mengi yakikaribia au kupita mita 3.8 yakihesabiwa na kiyoyozi cha paa. Panda ngazi, pima mwenyewe kutoka ardhini hadi mahali pa juu kabisa, ongeza sentimita chache za tahadhari, na uibandike nambari hiyo mbele ya usukani kwa vipimo vinavyotumiwa kwenye vibao vya barabara unazopita. Programu ya ramani ya simu ya kawaida haijui kimo chako na itakupeleka chini ya daraja fupi bila wasiwasi wowote.

Kurudi nyuma

Shika usukani sehemu yake ya chini. Ukisogeza mkono kushoto, nyuma ya trela itakwenda kushoto. Ukisogeza kulia, itakwenda kulia. Kanuni hiyo moja hutosha kuanzia, lakini haitoshi kumaliza. Trela la gurudumu la tano huchelewa kuitikia, na mgeni anayeona halijageuka huongeza usukani, kisha linapoanza kugeuka hugeuka kupita alivyotaka. Sogeza usukani kidogo, ngoja trela likujibu, halafu uufuate mgeuko huo kwa kurudisha usukani upande wa pili ili pikapu iingie nyuma ya trela na vyote viwili vinyooke. Pembe ikishakuwa kali kiasi cha shingo kukaribia kebini, hakuna ufundi wa usukani utakaokuokoa. Simama, nenda mbele unyooshe, uanze tena. Kwenda mbele kunyoosha si kushindwa, na madereva wa malori waliozeeka kazini hufanya hivyo kila siku bila kuona haya.

Ukiwa na uchaguzi, ingia kwenye nafasi iliyo upande wa dereva, maana utaiona kwa dirisha lako mwenyewe badala ya kuikisia kwenye kioo cha mbali. Kabla ya kuanza, shuka utembee eneo zima, utazame matawi ya juu, mawe, mabomba ya maji yaliyochomoza na ulaini wa udongo. Shuka tena katikati ya zoezi kila unapokuwa na shaka.

Halafu kuna suala la utingo. Mtu anayekuelekeza anapaswa kusimama mahali ambapo unamwona kwenye kioo, na asipoonekana gari lisimame papo hapo, bila mjadala. Kubalianeni mapema kuhusu ishara chache, na maneno yawe ya trela tu: "mkia wa trela kushoto" ni agizo linaloeleweka, lakini "kata kushoto" humwacha dereva akijiuliza ni usukani au ni trela linalotakiwa kwenda huko. Simu mbili zilizounganishwa zinafaa kuliko kupiga kelele. Anayeelekeza awe mmoja. Wapita njia wenye mapenzi mema watakuja kusaidia kwa mikono mingi, nawe uwashukuru na uendelee kumtazama yule wako peke yake. Nimeona ndoa zikitikisika zaidi katika dakika kumi za kurudi nyuma kuliko katika wiki nzima ya mvua kambini, na mara zote tatizo lilikuwa ni ishara ambazo hazikukubaliwa kabla ya injini kuwashwa. Fanyeni mazoezi kwenye uwanja mtupu, mkitumia ndoo badala ya nguzo.

Matairi

Hapa nitasema machache. Jaza upepo matairi yakiwa yamepoa, kwa kiwango kilichoandikwa kwenye kibandiko cha trela, na uyapime kila asubuhi ya safari. Tairi la trela mara nyingi huzeeka kabla ya kuisha meno, kwa hiyo soma nambari nne za mwisho za alama ya utengenezaji ubavuni: 2321 maana yake ni wiki ya 23 ya mwaka 2021. Wengi wenye uzoefu huyabadilisha yakifika kati ya miaka mitano na saba hata kama yanaonekana mapya. Angalia pia kikomo chake cha mwendo, maana matairi mengi ya trela hayakutengenezwa kwa ajili ya kasi ambayo pikapu yako inaweza kufikia. Tairi likipasuka chini ya trela, vipande vyake hupiga sakafu na kung'oa mabomba na nyaya. Magurudumu yakishafunguliwa kwa sababu yoyote, kaza nati tena kwa spana ya kipimo baada ya kilomita 80 hivi, na kila unaposimama upitishe kiganja karibu na kitovu cha kila gurudumu, bila kukigusa. Kinachotoa joto kuliko vingine kina beringi au breki inayolalamika.

Kuachanisha

Ukifika kambini, panga kufika mchana. Sawazisha trela kushoto na kulia kwanza, kwa kupandisha matairi ya upande ulioinama juu ya mbao au vipande vya plastiki ngumu, wakati bado limeunganishwa, kwa sababu baada ya kuachanisha hutaweza kulisogeza. Kisha weka kabari. Kabari hutangulia kuachanisha siku zote, hata mahali panapoonekana tambarare kama meza, kwa kuwa trela lililoachiwa na taya huzuiliwa na kabari hizo tu. Shusha miguu, na kama udongo ni laini weka mbao pana chini yake, hadi uone springi za pikapu zikinyanyuka kidogo na uzito ukihama. Ondoa waya wa umeme na kebo ya breki ya dharura, shusha mlango wa bodi, fungua taya. Kishikizo kikikataa kufunguka, usikipige nyundo. Pini imebana taya, na kurudisha pikapu nyuma kwa upana wa kidole kwa kawaida huilegeza.

Wengi wakifika hapo hukanyaga mafuta na kuondoka. Sogea mbele polepole kwa kiasi cha sentimita 20 tu, mpaka pini itoke kwenye taya lakini bamba lake likiwa bado juu ya bamba la kiungio, kisha simama, weka breki ya mkono, ushuke. Tazama miguu ya trela kama imezama, tazama kabari kama zimesogea, tazama waya na kebo kama kuna ulichosahau kukitoa. Mguu ukiwa unadidimia, shingo itatua juu ya kiungio badala ya kingo za bodi, nawe utakuwa na muda wa kuipandisha tena na kutafuta ubao mpana zaidi.